Dawa Ilifika, Mwiko Ukabaki Kwenye Boksi

Karatasi ilikuwa nyepesi kama ya kusokotea sigara, imekunjwa na kukunjwa tena mpaka ikabaki na ukubwa wa kiberiti. Ilibanwa pembeni mwa boksi la vidonge. Niliichomoa ili nivifikie vidonge, nikaikunjua nusu, nikaona Kijerumani kitupu, herufi zimejipanga kama sisimizi, nikaikunja na kuisukumia ndani tena. Ilikuwa Februari 2021, jikoni kwa mama, Mtanda, Lindi mjini. Vidonge vile nilikuwa nimevisubiri wiki sita. Habari ya karatasi haikunihusu.

Leo ninaandika kwa sababu ya karatasi ile. Mdogo wangu nimemsomea kila aya, na pale aliposema "dada, hapa toa", nimetoa.

Alijifungua binti Septemba 2020, uzazi wake wa kwanza, salama salimini. Arobaini ilipita vizuri kwa macho ya wageni: watu walikuja na sabuni, na khanga, na kuku, wakambeba mtoto, wakaondoka. Baada ya hapo akaanza kuzama. Nywele ambazo tangu utotoni hazikuwahi kulala bila kusukwa zilikaa wiki tatu zimefumuka chini ya kilemba. Mtoto akilia, aligeuza shingo polepole kama mtu anayesikia mtoto wa nyumba ya pili. Usiku mmoja, saa tisa, nilimkuta uani amekaa juu ya mbuzi. Nazi hakuna, sinia hakuna. Anatazama ukuta.

Kila jirani alikuwa na jina lake la ugonjwa. Kapandwa. Kijicho cha watu. Ana mawazo. Hilo la mwisho ndilo lililosemwa zaidi, na mimi naliona ni neno la kweli kuliko wengi tunavyodhani. Kule Zimbabwe Washona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na wataalamu wao wa afya ya akili waliamua kulitumia hilohilo wanapozungumza na wagonjwa, kwa sababu mgonjwa analijua. Sisi hospitalini tunaambiwa sonona. Nalo ni zuri, ukisikia ndani yake kusononeka kwa bibi zetu, ila mdogo wangu hakuwahi kusema "nina sonona". Alisema, "Dada, nimechoka ndani." Shirika la Afya Duniani limekadiria watu zaidi ya milioni 280 wanaishi na hali hiyo. Kwetu alikuwa mmoja, na nyumba nzima ilijaa.

Tulianza na yale ya nyumbani. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inapiga nyungu kwa sababu ya korona, kwa hiyo chungu kilikuwepo tayari: majani ya mlimao, mchaichai, kivumbasi, mkaratusi. Alijifunika blanketi, akatoka jasho, akalala saa nne mfululizo. Kwa mtu asiyelala, saa nne ni zawadi kubwa, nami sitamsikiliza anayedharau. Lakini asubuhi alirudi palepale.

Mama akamwita mwalimu aandike kombe. Zafarani ililowekwa kwa marashi ya waridi mpaka ikatoa rangi, aya zikaandikwa kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, akanywa. Ijumaa tatu. Baadaye, nilipoanza kusoma mambo haya usiku kwenye simu, nilishtuka kukuta zafarani hiyohiyo kwenye tafiti za watu wa Tehran. Miaka ya 2000 walikuwa wakiwapa wagonjwa wa sonona miligramu 30 za dondoo ya zafarani kwa siku, wiki sita, na kuwalinganisha na waliopewa vidonge vya kawaida vya hospitali kama fluoxetine. Matokeo yalikaribiana. Watu waliopimwa walikuwa wachache, 30 au 40 katika utafiti mmoja, kwa hiyo hakuna wa kupanda juu ya bati kutangaza. Ila nilikaa kitandani nikaiwaza ile sahani. Kombe halipimwi kwa miligramu, na anayelinywa kwa imani hatafuti miligramu. Hata hivyo mtu wa kwanza kuchagua zafarani, kati ya vitu vyote vinavyotoa rangi, hakuwa mjinga. (Siku hizi wapo wanaoandikia rangi ya chakula, kwa kuwa zafarani ni ghali. Hapo imebaki sahani tu.)

Ubani nao una habari yake. Mwaka 2008 watafiti walichukua kemikali moja iliyomo kwenye ubani wakawapa panya, na panya wale wakapungua woga na dalili za kukata tamaa. Panya hanyonyeshi usiku kucha huku mume yuko baharini, kwa hiyo niliisoma habari hiyo nikaendelea kutafuta.

Nilichokipata ndicho kilichotuletea balaa.

Ulaya kuna gugu linaloota kandokando ya barabara, lenye maua ya manjano ya petali tano. Ukiinua jani lake juani utaona vidoadoa vinavyopitisha mwanga kama limetobolewa kwa sindano, na ukifikicha ua, vidole vinapata wekundu kama wa damu. Jina lake la kisayansi ni Hypericum perforatum. Wajerumani wanaliita Johanniskraut, mmea wa Yohana, kwa kuwa linachanua karibu na sikukuu ya Yohana Mbatizaji, Juni 24. Kwao si dawa ya kificho. Linauzwa katika maduka ya dawa na madaktari huliandika. Mwaka 2008 timu iliyoongozwa na Klaus Linde ilikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489, ikaona kwamba dondoo za mmea huo ziliwasaidia wagonjwa wa sonona kuliko vidonge visivyo na dawa, zililingana kwa nguvu na dawa za kawaida za sonona, na madhara yake yalikuwa machache. Walisema pia kwamba majaribio ya nchi zinazozungumza Kijerumani yalitoa matokeo mazuri zaidi kuliko ya kwingine, jambo la kumfanya mtu apunguze mwendo.

Mimi sikupunguza. Nilisoma "mmea", nikasoma "madhara machache", nikapiga simu Berlin.

Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari anafanya kazi huko, katika mji uleule ilikosimamishwa mifupa ya mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa huku Lindi. Alinunua maboksi kadhaa, akampa mtu aliyekuwa anarudi Dar es Salaam, yakapandishwa basi la Lindi ndani ya begi la nguo za mtoto. Vidonge vya miligramu 300, mara tatu kwa siku. Nilimwambia mdogo wangu, "Hizi ni majani tu. Haziwezi kukudhuru." Nakumbuka nilivyolisema, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Na zilimsaidia. Ningekuwa mwongo nikificha hilo. Wiki ya nne aliomba kitana. Wiki ya sita alikwenda mwenyewe sokoni kununua dagaa, akarudi analalamika bei, na mama alipomsikia akilalamika aliingia chumbani kulia kwa furaha.

Sasa, mdogo wangu alikuwa na kijiti. Aliwekwa mkononi Novemba, kliniki, kile cha miaka mitatu, kwa sababu alisema waziwazi kwamba hayuko tayari kubeba mimba nyingine mpaka akili yake irudi. Mwenye kijiti siku zake huyumba, mwezi huu zipo, miezi miwili hazipo, kwa hiyo hakuna aliyehesabu. Agosti alianza kutapika asubuhi. Tukasema malaria. Vipimo vya malaria vikatoka safi, kipimo cha mkojo kikatoa mistari miwili.

Muuguzi alikipapasa kijiti chini ya ngozi ya mkono. Kipo, kimelala mahali pake. Akauliza, "Unatumia dawa yoyote? Za kifua kikuu? Za kifafa?" Mdogo wangu akajibu hapana. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikaitikia, hapana, hatumii dawa. Hatukudanganya. Kwetu yale yalikuwa majani. Yule mama angeweza kuishia hapo, foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Akanyanyua macho. "Na majani je? Mnakunywa majani gani?"

Usiku ule niliitoa karatasi kwenye boksi. Niliinyoosha mezani, nikaipiga picha pande zote mbili, nikamtumia rafiki yangu. Alinipigia saa tano. Alikuwa anasoma na kutafsiri polepole, na alipofika aya moja akanyamaza. Imeandikwa, akasema, kwamba mmea huu unaweza kudhoofisha dawa za uzazi wa mpango za homoni.

Mambo yanavyokwenda ni hivi. Ndani ya mmea huo kuna kiini kinaitwa hiperforini. Kikifika kwenye ini, ini linaongeza vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa, hasa kimoja kiitwacho CYP3A4. Hebu fikiria bandari yenye wapakuzi kumi, ghafla wakaletwa arobaini: kila mzigo unaoingia unatolewa kabla haujakaa. Homoni ya kijiti inatoka kidogokidogo, imepimwa kwa ini la kawaida, na ini la mdogo wangu halikuwa la kawaida tena. Uingereza, mwaka 2014, mamlaka ya dawa ilitoa onyo juu ya jambo hili hili baada ya kupokea taarifa za wanawake waliopata mimba, wakiwemo wenye vijiti. Miaka saba kabla ya boksi langu, onyo lilikuwepo. Sikulitafuta, kwa kuwa nilitafuta "je, inatibu?" na sikuuliza "inagombana na nini?"

Uzazi wa mpango ni sehemu tu. Mwaka 2000 ilipimwa kwamba mmea huo ulishusha indinavir, dawa ya ARV ya wakati ule, kwenye damu kwa zaidi ya nusu. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha wengi wanaotumia ARV hivi leo, ina tahadhari hiyohiyo. Zipo pia dawa za kuzuia damu kuganda, na dawa za waliopandikizwa figo. Ukiuchanganya na dawa za hospitali za sonona, kemikali ya serotonini inaweza kuzidi mwilini, mtu akatetemeka, akapata homa, moyo ukaenda mbio, hata kufa. Ewe unayetaka kumwagizia ndugu yako kwa wema, kama nilivyofanya mimi, naomba aya hii uisome mara mbili.

Hakuna wa kuapa kwamba ni vidonge vile. Kijiti nacho hushindwa, mara chache sana. Mimi moyoni ninajua ninachokijua.

Vidonge tulivikatisha siku ileile, na akazama kuliko mwanzo. Kuna usiku alisema, akiwa ameuelekea ukuta, "Mngenizika tu, mngepumzika." Maneno ya namna hiyo hayasubiri asubuhi wala mashauri ya ukoo. Tuliamka naye hospitali alfajiri, mama mbele, mimi na mtoto nyuma. Nilikuwa na ile hofu ya kijinga kwamba tutaambiwa Mirembe, kama vile kila ugonjwa wa akili mwisho wake ni Dodoma. Hatukuambiwa Mirembe. Alipewa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na vidonge ambavyo daktari alisema mjamzito anaweza kupewa kwa uangalizi, akatuonya kwamba nguvu yake itachukua wiki kadhaa kuonekana. Tukahesabu wiki.

Oktoba bibi akashuka kutoka Rondo.

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, na bibi kuacha mikorosho yake wakati wa kuokota ni jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Alikuja na furushi, jogoo na ming'oko. Bibi anajua miti. Ule msitu wa Rondo una mimea isiyoota popote pengine duniani, wanasayansi wamekuja na kuiandika, na bibi anaijua mingi kwa majina ya Kimwera na kwa harufu. Nilidhani atafungua furushi papo hapo. Alikaa chini, akamvuta mjukuu karibu, akamuuliza: una mimba ya miezi mingapi? Unamnyonyesha bado huyu mkubwa? Jana umekunywa nini, juzi je, hospitali wamekupa nini? Akataka kuviona vidonge. Hajui kusoma, ila alivigeuzageuza, akanusa, akavirudisha. Kisha akasema kwamba mizizi yote aliyobeba itabaki kwenye furushi. "Dawa ya watu wengine imo mwilini mwake. Mimi sitaingia juu yake. Nitampa vya kula."

Nilitoka nje. Mwanamke asiyejua a wala be alikuwa ameuliza kwa dakika tano maswali ambayo mimi, mwenye cheti changu ukutani, sikuyauliza kwa miezi sita.

Nimekua nikisikia miiko ya bibi, na nilipofika sekondari niliiona ni ushirikina. Dawa hii usile chumvi. Hii usinywe ukiwa na mimba. Hii usichanganye na ya mganga mwingine mpaka mwezi uandame. Mingine kweli sioni inamfaaje mgonjwa, kama ule wa kutomsalimia mtu njiani ukiwa umebeba mizizi. Lakini hebu iangalie ile karatasi ya Kijerumani. Usinywe ukiwa na dawa kadhaa. Usinywe bila ushauri ukiwa na mimba au unanyonyesha. Jihadhari na jua kali, maana ngozi inaweza kuungua. Ni miiko! Wajerumani waliupima mmea wao miaka na miaka, wakaandika miiko yake, wakaikunja na kuiweka ndani ya boksi. Mimi niliupokea mmea, mwiko nikaurudisha ndani.

Kinachonitia hofu sasa ni chupa za stendi. Utazikuta pale, na kwenye minada ya vijijini: chupa ya maji iliyojazwa kitu cha kahawia, muuzaji ana kipaza sauti, "dawa ya mawazo, dawa ya presha, nguvu za kiume". Mti gani? Hasemi. Mwiko je? Hamna. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake lipo kwa ajili ya kusajili waganga na dawa, kwa hiyo muulize muuzaji usajili wake, ni haki yako. Na usidhani kila mti hutuliza. Ipo jamii ya miti iitwayo Rauvolfia. Ndugu zetu Wachaga wanaujua mmoja wao, msesewe, ambao gome lake hutiwa kwenye mbege. Kutoka kwa ndugu yake wa India, mwaka 1952, wakemia walitoa dawa ya reserpine ya kushusha presha. Iliwasaidia wengi wenye presha, na miaka ileile madaktari wakaanza kuandika habari za wagonjwa walioingia katika huzuni nzito wakiitumia. Mtu mwenye sonona na presha akinunua chupa isiyo na jina, anaweza kuwa anainywa huzuni yenyewe.

Sijawa adui wa majani. Ningependa sana kuona miti ya Rondo imepimwa kama gugu lile la Ulaya lilivyopimwa, na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili imekuwepo kwa kazi kama hiyo tangu miaka ya sabini. Mchaichai tunakunywa kila jioni. Kivumbasi kimeota mlangoni, mtoto wa pili anakikanyaga akipita na nyumba nzima inanukia. Huyo wa pili ana jina zuri na sauti kubwa, na mama yake ameniagiza niandike kwamba hakuna siku amemjutia.

Kliniki ya mwisho kabla hajajifungua tulikwenda sote wanne, na binti mgongoni. Mdogo wangu alikuwa ameandika kwa kalamu nyuma ya daftari lake la kliniki kila kilichoingia mdomoni mwezi ule: vidonge na saa zake, mchaichai, uji wa ulezi, kombe mara moja, mlonge. Muuguzi, yuleyule, alishusha kidole mstari kwa mstari. Kikasimama mwishoni.

"Huu mlonge. Ni majani, au na mizizi?"

Mdogo wangu akamgeukia bibi. Bibi, aliyekuwa kimya kwenye benchi tangu tulipofika, akakohoa kidogo.

"Majani, mwanangu. Mizizi yake kwa mwenye mimba ni mwiko."

Muuguzi akamtazama, akaandika.